Mvumo Mtupu

Siku Fundi alipopanda juu ya paa na uzee wake wote, mtaa ulipata sinema ya bure. Muuza mkaa aliacha gunia wazi. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji walisogeza ndoo pembeni wapate kuona vizuri. Mzee alikuwa amejifunga kamba kiunoni na ncha ya pili ameifunga kwenye bomba la choo, na kila aliyekuwa pale chini aliona wazi kwamba likitokea la kutokea, mzee, bomba na choo vitashuka pamoja.

Alikuwa anakagua waya wa antena, ule uliotandazwa kutoka kwenye mlingoti mpaka ukuta wa jirani. Redio yake ilikuwa haipokei, na fundi hakisii, fundi anapima. Akauvuta. Chini mkewe akamwambia waya umeshika, aache kuvuta. Akavuta tena. Mkewe akapaza sauti, kisha akaipaza zaidi, mpaka mbwa wa nyumba ya tatu akamjibu. Mzee bado anavuta tu, mgongo kaupa mtaa mzima.

"Mama Spika leo betri imeisha?" akauliza mtu kwenye foleni.

Watu wakacheka. Mkewe naye akacheka, maana utani usioucheka hukuganda. Kisha akaokota kijiwe, akakirusha kwenye bati karibu na mguu wa mumewe. Hapo ndipo Fundi alipogeuka, akatazama midomo ya mkewe ikisema umeshika, akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa anangoja aambiwe kwa adabu.

Mama Spika walimwita kwa sababu ya sauti yake. Akimwuliza mumewe kama chai imekolea sukari, jibu wangeweza kulitoa majirani. Wageni walidhani ni mwanamke mkorofi, na wenyeji walimtetea kwamba si ukorofi, ndivyo alivyoumbwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba alipoletwa pale akiwa bibi harusi alikuwa na sauti ya mtu anayeomba chumvi. Ilipanda kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, kama tumbo la mjamzito, na mwenyewe hakujiuliza inapanda kwa nini. Alijizoesha pia kukaa upande wa kulia wa mumewe, kumgusa bega kabla hajasema, na kumalizia sentensi za wageni. "Anasema hivi," angemwambia, akaurudia mzigo wote wa maneno usoni pake. Fundi alilalamika tu kwamba watu wa siku hizi wanaongea kama wana viazi moto mdomoni.

Mzee akateremka salama, akafungua kamba, akaingia ndani moja kwa moja bila kuwatazama watazamaji wake. Akatoa kipande cha chaki mfukoni, akaweka tiki kwenye plagi ya antena. Antena ni nzima.

*

Redio yenyewe ilikuwa ya kusema na kusikia, si ya kungojea taarifa ya habari. Ilikaa sebuleni kwenye meza yake peke yake, na wajukuu walijua kwamba ni afadhali uvunje sahani nne kuliko kugusa ile mikrofoni. Leseni yake ilining'inia ukutani ndani ya fremu, juu ya picha ya harusi. Mkewe aliwahi kuuliza kwa nini juu, akajibiwa kwamba mkaguzi anaweza kuja wakati wowote, na mkaguzi hatataka kuona harusi.

Maisha yake ya kazi Fundi aliyamaliza katika jengo la mitambo ya simu. Siku walipoing'oa ile mitambo, ukumbi mzima, na mahali pake wakaweka kabati moja dogo lisilohitaji mtu, alisimama getini akalitazama lori likiondoka nayo, kisha akarudi nyumbani akakaa. Alikaa kweli kweli. Kwa muda mrefu mkewe alimpikia mtu asiyekuwepo. Mpaka akaipata hii redio kuukuu, akaifufua, nayo ikamfufua yeye.

Huko hewani ndiko alikokutana na Dereva, mstaafu mwenzake aliyekuwa akiendesha treni, mjane, anayeishi mwendo wa siku mbili kwa basi. Hawajawahi kuonana. Kila jioni, jua likianza kulegea na hewa kufunguka, walikutana: magoti yao, bei ya sukari, nani kafa, mjukuu gani kaota jino. Namba za simu hawakuwahi kupeana. Fundi alikuwa na msemo kwamba simu ni ya kumsumbua mtu, redio ni ya kumkuta. Tena simu ya mkononi alikuwa hasikii kitu humo, alimwachia mkewe.

Halafu ikaja ile homa. Ilimlaza, ikamchoma, ikamwacha amekonda kama ufagio. Jioni ya kwanza aliyopata nguvu alijikokota mpaka mezani, akavaa hedifoni zake, akawasha, akaita. Akangoja. Akaita tena.

"Mvumo mtupu," alisema. "Redio imekuwa kiziwi."

Ndivyo mafundi wanavyosema. Redio inayotoa isipokee huitwa kiziwi, na Fundi alilitamka neno hilo kwa uchungu kidogo, kama anayemsengenya rafiki. Kisha akamwita mkewe.

"Njoo unisikilizie. Wewe una masikio ya paka."

Redio hiyo haikuwa na spika. Spika yake mjukuu mmoja aliitoboa kwa penseli zamani, na tangu hapo ilikuwa ni hedifoni tu, kwa hiyo yaliyokuwa humo aliyajua aliyezivaa peke yake. Mama Spika alizivaa, akainamisha kichwa.

Sauti ya Dereva ilikuja safi kama kengele. Alikuwa anasema pole, Fundi, nilidhani umetuacha, habari ya afya. Nyuma ya sauti yake hata jogoo alisikika. Mama Spika alifungua mdomo amwambie mumewe, huyu hapa, anakusalimu. Ndipo alipomwona.

Alikuwa amemkazia macho, mikono kaifumbata mapajani, kama mgonjwa anayemtazama daktari akisoma karatasi. Na mwanamke yule, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kupaza sauti, aliyaona yote kwa pamoja: bega analoligusa, upande wa kulia, viazi moto midomoni mwa watu, na homa iliyokuja kumalizia kilichokuwa kimebaki. Akakumbuka pia utani ambao Fundi mwenyewe aliupenda, juu ya mwenzao mmoja wa hewani aliyeishiwa masikio. "Mtu wa redio bila masikio," alikuwa akisema, "ni mshonaji bila vidole. Mpe kigoda akae mlangoni afukuze kuku." Watu walikuwa wakicheka sana hapo. Yeye naye alikuwa akicheka.

Akavua hedifoni.

"Mvumo tu," alisema.

Fundi akashusha pumzi ndefu, na uso wake ukanyooka. Haikuwa huzuni. Ilikuwa ni nafuu.

"Si nilisema," akasema, akanyoosha mkono kuchukua bisibisi.

*

Uongo wa kwanza ulikuwa wa usiku mmoja tu. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Kesho, akishapata uji na nguvu, nitamweka chini nimwambie. Lakini kesho yake mzee aliamka kabla ya jogoo, akawa mtu mwingine. Alikuwa na kazi.

Namna yake ya kutafuta hitilafu ilikuwa moja, na aliihubiri kwa yeyote aliyekosea njia akapita sebuleni: gawa nusu kwa nusu. Kata redio katikati kwa akili, pima nusu hii. Ikiwa nzima, ubovu uko nusu ya pili. Hiyo nayo igawe. Kila kilicho kizima kitie tiki ya chaki usikirudie. Mwishoni kitabaki kimoja kisicho na tiki, na hicho ndicho. "Hitilafu haina pa kukimbilia," alisema. "Inakimbia, inakimbia, mpaka imekaa kwenye kona."

Umeme ulipata tiki. Fyuzi, waya, plagi, zikapata. Akapanda paa kama tulivyoona, antena ikapata. Halafu kulikuwa na ile sindano ndogo ya mita mbele ya redio, inayoruka mawimbi yakiingia. Sindano ilikuwa inaruka. Akaitazama sana.

"Unaona?" alimwambia mkewe. "Huko mbele inapokea. Mtu anaingia. Anapotelea humu ndani, kwenye upande wa sauti."

Mama Spika akasema anaona.

Kwenye upande wa sauti vilibaki vitu viwili: kipande cheusi chenye miguu kama mende, ambacho ndicho hukuza sauti, na hedifoni zenyewe. Hapo ndipo Fundi alipokosea, na ni kosa ambalo asingelifanya fundi mwingine yeyote. Alizivaa hedifoni, akasikiliza, akazitia tiki.

"Hizi nzima. Zingekufa zingekuwa kimya. Huu mvumo nausikia kabisa."

*

Aliyelitoa nje lile jambo alikuwa binti yao, aliyerudi nyumbani na watoto wake wawili baada ya ndoa kumshinda. Alimkuta mama yake jikoni anachambua mchele, akafunga mlango nyuma yake.

"Mama, baba hasikii."

"Redio ndiyo haisikii."

"Mama." Binti akachuchumaa. "Jana baba mkwe alikuja hapa kutuambia kwamba wifi yangu amepoteza mimba. Baba alimjibuje? Alimwambia vizuri, vizuri, Mungu azidishe. Akacheka kabisa. Mzee wa watu ameondoka hajamaliza hata maji. Mimi nimemsindikiza, sijui niangalie wapi."

Mama Spika aliendelea kuchambua. Alikuwa ametupa mchele na kubakiza chuya, akagundua, akaanza upya.

"Homa haijamtoka vizuri. Atapona."

"Na mimi nimezivaa zile hedifoni zake alipokwenda kuoga," binti akasema polepole. "Watu wanaongea humo kama wako sokoni."

Nje, kwenye chumba cha mbele walichompangisha, Mshonaji alikuwa anaendesha cherehani yake, na wote wawili walijua kwamba ikisimama ghafla maana yake masikio yamefunguliwa.

"Mwambie, mama. Au nitamwambia mimi."

"Usithubutu." Alilisema kwa sauti ndogo, ile ya kuomba chumvi, na binti akashtuka maana hakuwa ameisikia maishani mwake. "Wewe hukumwona walipong'oa ile mitambo. Ulikuwa mdogo. Mimi ndiye niliyekuwa namvalisha soksi. Mwache apate hizi siku mbili tatu. Mtu haokotewi kigoda akiwa bado amesimama."

"Mficha maradhi, mama…"

"Namjua anavyoumbuliwa. Nenda kawaogeshe watoto."

*

Alhamisi, jioni, Fundi alimwita tena. Alikuwa amechangamka, amechafuka, meno yote nje. Chuma chake cha kulehemu kilikuwa kinatoa moshi na harufu ya risasi ya kulehemia imejaa sebuleni. Akasema sasa tumeibana, hitilafu imekaa kwenye kona, imebaki kuishika mkia. Akasema akishaipata, jioni hiyo hiyo atampigia mbiu Dereva. Alikuwa ameshaita, sindano ilikuwa inaruka, akamtaka mkewe asikilize kwa mara ya mwisho kabla hajaifungua redio yote.

Mama Spika akazivaa hedifoni. Dereva alikuwa katikati ya maneno.

"…maana mimi nakusikia kama uko chumba cha pili. Wewe ndiye hunipati, nimeshajua. Sasa Fundi, kama hapo pembeni kuna mtu, yeyote, namwomba yeye anisikilize. Mwambie Jumapili mwanangu anakuja kunichukua. Nyumba nimeshaikabidhi. Huko tunakokwenda ni ghorofani, hawataki waya, hawataki mlingoti. Redio namwachia jirani, na jirani hajui hata inapowashwa. Kwa hiyo ndiyo mwisho wetu huu."

Kisha akaendelea, na ile sauti iliyokuwa imezoea kupiga kelele juu ya injini ikawa kama ya mtoto.

"Mwambie goti asiache kulikanda. Mwambie tangu mke wangu afe, mtu pekee aliyeniambia usiku mwema ni yeye. Nilikuwa nawahi kula ili nisimchelewe. Mwambie hivyo. Haya. Kama hakuna mtu, basi nimeiambia hewa."

Fundi alikuwa anamtazama. Hakuwa na ule uso wa mgonjwa tena, alikuwa na uso wa mvuvi anayehisi uzito kwenye kamba. Tangu homa ile mkewe hakuwa amemwona hivyo. Akafungua mdomo. Lakini kusema Dereva ameaga ilikuwa ni kusema kwanza kwamba amesikika, na kusema amesikika ilikuwa ni kusema alisikika tangu siku ile, na mwisho wa kamba hiyo kulikuwa na kigoda mlangoni. Ukilivuta moja yanakuja matatu.

"Mvumo?" Fundi akauliza.

Akaitikia kwa kichwa. Macho yalikuwa yamemjaa, akayafuta kwa ncha ya kanga.

"Moshi wa hii risasi yako," akasema, kwa sauti ya kutosha yeye kusikia.

"Toka nje upate hewa, mke wangu," Fundi akamwambia kwa upole. "Kazi za watu hizi."

*

Ijumaa hakulala vizuri, na Jumamosi aliamua. Alioga, akavaa gauni lake la kutokea, kana kwamba anakwenda kuomba msamaha nyumba ya mbali, akaenda sebuleni. Bado kulikuwa na siku moja kabla Dereva hajachukuliwa. Hata kama mzee asingesikia, angalau angesema neno lake kwenye mikrofoni, Dereva akalisikia, wakaagana upande mmoja.

Redio ilikuwa imelazwa chali mezani, kifuniko sakafuni, matumbo nje. Kile kipande cheusi chenye miguu ya mende kilikuwa kimeshang'olewa, kimewekwa kwenye kisahani. Fundi alikuwa amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, anakwangua mahali kilipong'olewa.

Aliinua kichwa akaliona gauni.

"Unakwenda wapi umependeza hivyo?"

"Siendi," mkewe akasema.

Akarudi chumbani akalivua. Redio aliyoisingizia ugonjwa sasa ilikuwa imepasuliwa kweli, na Jumapili haikungoja. Siku hiyo nzima alishinda uani akifua nguo zilizokuwa safi. Jua lilipoanza kulegea alisimama, mikono ina povu, akatazama lile jua mpaka likazama, kama anayesindikiza basi.

*

Jumatatu, Fundi alikifunga kipande kipya. Akawasha. Sindano ikaruka. Akavaa hedifoni: mvumo. Akazivua akazitazama, na kwa mara ya kwanza akaifuta ile tiki ya chaki kwa kidole gumba.

Kilichofuata kilizua zogo. Mzee alitoka sebuleni kama askari wa msako, akaingia jikoni, akaichukua redio ndogo ya jikoni iliyokuwa inaimba, akaikata koo. Binti akasema baba, hiyo ndiyo redio pekee ya nyumba. Wajukuu wakalia. Mshonaji, ambaye alikuwa anashonea muziki huo huo kupitia ukutani, akaja mpaka mlangoni na tepu yake shingoni kuuliza kama kuna msiba. Fundi alikuwa ameshatoa ile spika, ameibeba kiganjani kama yai, waya mbili zinaning'inia.

Akairudisha sebuleni, akaiunganisha, akaiweka mezani uso juu. Wote walikuwa wamemfuata wakajazana mlangoni. Mama Spika alikuwa nyuma yao, na alipoelewa kinachotaka kutokea alijaribu kupita, akasema baba watoto ngoja, ngoja kwanza, lakini aliuambia mgongo wa mumewe.

Fundi akazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho.

Sebule ikajaa mtu. Mwanamume mmoja, mgeni kabisa, alikuwa anamweleza mwenzake habari za mvua na pampu iliyoharibika, kwa sauti iliyotikisa vikombe kabatini. Mjukuu mdogo akaziba masikio. Mshonaji akarudi nyuma hatua, akasema, kwa mshangao wa kweli na bila ubaya wowote, "Si hii inaongea jamani?"

Na Fundi alikuwa ameinamia spika, kichwa upande, anangoja.

Akageuka kuwatazama. Akawaona: mtoto na vidole masikioni, binti kafunika mdomo, Mshonaji anatazama chini. Akamtafuta mkewe nyuma yao akamwona. Akarudi kwenye spika, akanyoosha kidole cha shahada, akakigusisha kwenye karatasi yake nyeusi, pale katikati.

Ilikuwa inagonga. Si kutambaa kama sisimizi, ambavyo ndivyo unavyohisi mvumo ukiugusa. Ilikuwa inagonga, inapumzika, inagonga, kama mtu anavyoongea.

Kidole kikiwa pale pale, kwa mkono wa pili akarudisha kitufe cha sauti mpaka mwanzo. Chini ya kidole kukatulia tuli. Akasikiliza. Kichwani mwake mvumo ulikuwa unaendelea, ule ule, haujapungua hata chembe.

Akatoa chaki mfukoni. Akaweka tiki kwenye spika, akaweka tiki kwenye kile kipande kipya, na mwishowe tiki kubwa juu ya kifuniko cha redio. Chaki ikabaki mkononi, haina tena pa kuandika.

"Tangu lini?" akauliza.

Binti akawachukua watoto. Mshonaji akaondoka mwenyewe, na cherehani yake ikaanza, haraka haraka, kwa heshima. Mama Spika akaja akakaa upande wake wa kulia, akamgusa bega. Kuna maneno ambayo mtu angependa kuyasema kwa kunong'ona, kitandani, taa imezimwa. Yeye ilibidi ayaseme kama mnadi wa sokoni, uso kwa uso, madirisha yako wazi na foleni ya maji iko nje.

Alimwambia kwamba tangu jioni ile ya kwanza. Kwamba redio haikuwahi kuumwa. Alimwambia kuhusu kigoda, na kwamba aliogopa. Kisha akamwambia kuhusu Dereva, na cherehani ikasimama.

Fundi alimtazama midomo.

"Alisema nini?"

Akamwambia kuhusu mwanawe, na ghorofa, na jirani asiyejua kuwasha. Akamwambia kuhusu goti.

"Na nini?"

"Kwamba tangu mkewe afe," Mama Spika akapaza, na sauti ikamkatika, akaivuta tena kwa nguvu, "mtu pekee aliyemwambia usiku mwema ni wewe. Kwamba alikuwa anawahi kula ili asikuchelewe."

"Rudia hapo mwisho."

Akarudia. Kule nje hakuna ndoo iliyogonga, hakuna aliyesema betri imeisha. Watu wa mtaa ule, wanaoweza kucheka kwenye maombolezo, walisimama kwenye jua na ndoo zao kama wanasubiri jeneza lipite.

"Na sindano ilifika wapi?" Fundi akauliza. "Wakati anaaga."

"Sikuiangalia."

"Ungeiangalia," akasema. Hilo ndilo neno pekee la lawama alilompa, siku ile na siku zote zilizofuata.

Akairudisha sauti juu. Akachukua mikrofoni, akaifuta kwa shati, akakaa vizuri kwenye kiti kama mtu anayepigwa picha. Akataja kitambulisho chake cha hewani, taratibu, chote. Akataja cha Dereva.

"Fundi hapa," alisema. "Nimekupata. Nimechelewa lakini nimekupata, yote, neno kwa neno. Goti nitalikanda." Akasema lile walilokuwa wakimalizia nalo kila siku, ingawa jua lilikuwa bado juu. "Usiku mwema, ndugu yangu."

Akaachia kitufe. Akaweka mikrofoni chini, akanyoosha kidole, akakiegemeza kwenye spika, kwa wepesi, kama unavyomgusa mtoto aliyelala kujua kama anapumua.

Yule mwenye pampu alikuwa ameshaondoka hewani. Hakukuwa na mtu. Mama Spika aliegemea karibu, akasikiliza kwa masikio yake ya paka, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kusikiliza kitu chochote. Mumewe akageuza uso, kidole hakukiondoa, akamwuliza kwa macho.

"Mvumo tu," alimwambia, na safari hii ilikuwa kweli.